Panga la Kuazimana

Wiki ileile makala yangu kuhusu mnyauko wa migomba ilipotoka gazetini, mama alikata mgomba nyuma ya nyumba yake, Rungwe Mpya, ukatoka usaha wa njano. Akanipigia simu kuniuliza ni nini. Wasomaji wa Dar es Salaam nilikuwa nimekwisha kuwaeleza.

Nilianzia Kibondo, nikifundisha baiolojia sekondari. Wanafunzi waliuliza mambo ambayo kitabu hakikuyagusa: kwa nini muhogo wa kule Busunzu unaoza ardhini, kwa nini nyuki huhama mzinga mzuri. Nikawa natafuta majibu, nayaandika, nayatuma magazetini. Mhariri mmoja aliyapenda, akanipa safu ya sayansi, nami nikaacha ualimu. Gazeti lenyewe halifiki Rungwe Mpya, na simu ya mama ni ya kitochi, haina intaneti.

Nilipofika, migomba mingi ilikuwa imelegea. Ndizi zimeiva kabla ya kukomaa, ndani zimekuwa za kahawia. Mama hana shamba lingine. Nikamwambia tung'oe yote inayougua, na panga lipitishwe motoni kila linaporudi, maana ndilo linalobeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Kwetu panga moja huzunguka nyumba kadhaa, na kumnyima jirani ni kumtukana.

"Nilichome motoni panga lililotoka mkononi mwa mwenzangu?" mama akauliza. "Si nitakuwa nimemwita mchawi?"

Jioni jirani wa ng'ambo ya ua, rafiki wa marehemu baba, alirudisha panga aliloliazima. Nikalitia motoni palepale jikoni, yeye akitazama, huku nikimweleza habari za bakteria kwa lugha niliyodhani ni rahisi.

"Ee, mwanangu mwandishi," akacheka, lakini kwa mdomo tu, "kumbe mikono yangu ina homa?"

Tangu siku hiyo hapiti kwetu. Mama hanisemeshi ila kuniita kula.

Nilimweleza mhariri. Akajibu kwamba wasomaji wamechoka na migomba, niandike kuhusu akili bandia. Sijaandika kitu. Kila asubuhi nang'oa mashina, nafukia, na kila asubuhi kuna jingine. Sijui tena namwandikia nani.

Migomba ya jirani bado imesimama, kijani tupu. Jana niliona jani moja limegeuka njano upande mmoja. Huenda ni jua. Ili nijue lazima nikate shina, na mwenye shamba hajaitika salamu yangu.