Nani Hajafunga Leo?

Nimehudhuria mafunzo mpaka nimechoka kufunzwa. Kila mradi unaokuja mjini kuwainua wafanyabiashara wadogo wa vyakula hutuita sisi wale wale: mimi na mavyaa wangu, mamake mume wangu, tunaotengeneza achari za embe Kibokoni, akina mama wa unga wa muhogo kutoka Majengo, mzee mmoja wa kahawa ya tangawizi. Tunapewa kalamu, tunakalishwa makundi makundi, tunabandika karatasi za rangi ukutani. Neno la safari hii lilikuwa ubunifu. Mavyaa alilisikia siku ya kwanza, akaniinamia sikioni.

"Kubuni si ndiko kuzua? Tumeitwa kufunzwa urongo?"

Nilicheka, lakini nilikuwa na haja yangu. Kikundi kitakachotoa bidhaa mpya iliyo bora kingepewa mashine ya kukaushia. Sisi embe zetu tunazianika darini, juu ya masinia, na mavyaa hakubali mtu mwingine azigeuze. Ana sukari. Daktari amemkataza kufunga, naye anafunga, na ugonjwa wenyewe ameufanya siri hata jirani wa ukuta mmoja haujui. Kila Ramadhani namwona akipanda ngazi saa nane ya mchana, jua la utosi, midomo imemkauka, akishika ukuta kizunguzungu kimpite. Manyunyu yakianza, anapanda tena mbio kuziokoa embe. Nimembembeleza, nimemnunia, nimemshtaki kwa mwanawe. Nimechoka. Niliitaka mashine ile ili ashuke darini, basi.

Ofisi ya mradi ikayapanga mafunzo ndani ya Ramadhani. Mwalimu wetu, kijana Mkristo kutoka bara, alikuwa na adabu zake: chupa ya maji aliificha mkobani, na chakula cha mchana hakula mbele yetu. Alitufundisha kupima kwa mizani badala ya kukadiria kwa kiganja, kuandika tarehe ya mwisho ya kutumia, na kuacha ile rangi nyekundu ya achari inayoganda kwenye vidole vya watoto. Mavyaa aliiacha shingo upande. Tukapika achari mpya za ukwaju na pilipili, zimetoka rangi ya tope, na mimi mwenyewe nisingezinunua.

Siku ya kuonja ndipo mwalimu alipogundua jambo ambalo sote tulilijua, ila kila mtu alidhani ofisi ina mpango wake. Majaji wawili waliotumwa walikuwa wamefunga. Ukumbi mzima umefunga. Alibaki yeye peke yake, na achari ya kwanza tu ilimtoa machozi kwa pilipili.

"Nani hajafunga leo?" aliuliza, akijifuta. "Nataka mtu mmoja tu aonje pamoja nami."

Kwetu mwanamke aliye katika siku zake hafungi, lakini hula kwa kujificha, nyuma ya mlango wa jiko, na hakuna mwanamume anayeuliza. Hata mume hujifanya hakuona. Siku hiyo mimi sikuwa na swaumu. Nikainama, nikajishughulisha na kifuniko cha kalamu.

"Dada," mwalimu alisema kwa furaha, akininyooshea mkono, "wewe nilikuona ukinywa maji pale kwenye bomba!"

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Aliona ametatua shida. Wanaume wote wakageuza nyuso kutazama dirishani kwa pamoja, na yule mzee wa kahawa, aliyenijua tangu sijang'oka jino, akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwepo. Kule kunisitiri kwao ndiko kulikonichoma zaidi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mavyaa akasimama.

"Mai yale yalikuwa yangu," alisema. "Mwanangu alikuwa akinionjea kama yana chumvi, mai ya mfereji ule hayaaminiki. Mimi ndiye sikufunga. N'na sukari. Daktari amenikataza."

Daku la siku ile nilimwandalia mimi. Alikuwa amefunga. Akaenda mezani kwetu, akasema Bismillahi, akatia kipande cha achari mdomoni, akatafuna taratibu na kumeza mbele ya watu wote. Kisha akazunguka meza zote na mwalimu, akionja. Machozi yalinitoka na sikujali nani ananiona.

Mwalimu alipomuuliza kuhusu achari zetu, hakuzipendelea. "Ukwaju umezidi," alisema. Mashine ikaenda kwa akina mama wa Majengo na biskuti zao za muhogo. Sikuwa hata na nguvu ya kuona wivu.

Tukirudi nyumbani, tulipofika karibu na Ngome ya Yesu, nikashindwa kunyamaza.

"Mama, umevunja swaumu yako kwa ajili yangu."

"Miaka yote wanipigia kelele nifungue," alisema. "Leo nimefungua, walia nini?"

Nilimnunulia maji. Akayanywa ameelekea ukutani, nami nimesimama nyuma yake nimelitandaza buibui langu kumkinga na wapita njia. Alimaliza chupa nzima. Nikajiambia, angalau hilo limepatikana. Siri imetoka, hana tena wa kumficha, sasa atapumzika.

Asubuhi yake nilimpikia uji mwepesi, nikampelekea chumbani. Hakuwepo. Nilimkuta keshapanda nusu ya ngazi.

"Mama, uji."

"Nimefunga."

"Na ya jana?"

"Ya jana nitailipa mfungo mosi, Idi ikipita," alisema, bila kugeuka.

Nikauweka uji chini, nikaishika ngazi isicheze.