Kidimbwi Kilichogeuka Tui

Desemba, ukungu unaposhuka milimani kwetu Portland, Jamaika, na kutanda juu ya mbaazi kama shuka lililoanikwa, Bi Ionie Pinnock huchanganya chokaa. Hupaka mawe ya njia yake, ngazi, na shina la mshelisheli mpaka kimo cha kiuno. Wenzetu wa kanisani wakipita humtania.

“Ionie, huo ua au meno ya bwana harusi?”

“Piteni zenu, wenye wivu! Bwana akirudi apajue ninapokaa.”

Ni jirani yangu na nampenda. Mjane, mcheshi, akiimba vioo vinatetemeka. Uwanja wake ameufagia miaka mingi mpaka udongo umekuwa mgumu kama sahani. Mvua ikianguka haizami, inakimbia. Maji ya paa nayo yanakimbia. Yote huingia korongoni, na korongo huyamwaga katika kidimbwi cha mtoni ambako Vashti, mdogo wake, hutega kamba wa maji baridi kwa mitego ya mianzi. Kidimbwi hicho ndicho kinachomlisha Vashti, na ndimo tulimobatizwa sote.

Marehemu mama yao aliwafundisha kwamba chokaa ya Krismasi hailazwi. Ukishapaka, inayobaki unaimwaga, mvua iichukue pamoja na mikosi ya mwaka. Basi mwaka jana Ionie alimwaga ndoo yake kwenye mdomo wa korongo, akaingia ndani kuchemsha rosela, kinywaji chetu chekundu cha Krismasi. Mvua ikaja, kubwa, ikapiga mabati mpaka akasinzia kitini akiisikiliza.

Asubuhi tulishuka naye mtoni kufua. Maji yalikuwa meupe kama tui, yakienda polepole chini ya ukungu, wala hayakuwa na sauti. Tulisimama tu. Mimi nilidhani bado nimelala. Ionie akaanza kuimba kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeonyeshwa mbingu. Kisha tukawaona kamba. Walikuwa wamepanda juu ya mawe, wakubwa kwa wadogo, wakitikisa ndevu zao taratibu, kama wanaobisha mlango usiofunguliwa.

Vashti alikuwa ameketi ukingoni, mtego mtupu mapajani.

“Dada, usiimbe. Wanakufa hao.”

“Nani katia sumu? Nani huyo asiye na Mungu?”

“Chovya mkono.”

Ionie akachovya, akasugua vidole. Ule utelezi aliujua. Akatazama kucha zake. Chokaa ya jana ilikuwa bado imo.

“Ni mimi,” akasema.

“Kila Krismasi walikuwa wanapungua. Safari hii hata wenye mayai wametoka. Hao wakiisha, kidimbwi kimekufa.”

“Mbona hukuniambia, wewe?”

“Nikuambie nini? Ungesema namtukana mama kaburini.”

Ionie alipanda kilima na nguo zake chafu, akachukua jembe. Akaziba mdomo wa korongo, akachimba mfereji, akayageuza maji ya paa yaende migombani. Kando yake akapanda nyasi zile za mizizi mirefu. Mavi ya kuku akayafukia mbali na mteremko, na maji ya sabuni hayakumwagwa tena korongoni. Kilichomuuma zaidi ni ufagio. Aliuacha ukutani, majani ya mshelisheli yakalala yalipoangukia ili udongo ulainike.

“Bi Ionie, umehamia porini?” wakamtania wenzetu wa kanisani.

“Nimehamia. Mkija, pigeni hodi kwenye majani.”

Alicheka, lakini mimi nilimwona akiyatazama mawe yake.

Desemba hii alichanganya chokaa kidogo tu, akapaka ngazi ya juu iliyo chini ya paa, na iliyobaki akaimwaga kwenye choo cha shimo. Mvua ilipokuja tulikaa barazani. Maji yakatoka kwenye mabati, yakaingia kwenye nyasi, yakazunguka kama mgeni anayetafuta kiti, yakakaa. Uwanja mzima ulikuwa unakunywa. Sijui tulikaa muda gani.

Vashti akapanda njia, amelowa chapachapa, jani la mgomba kichwani. Ionie akasimama, mkono kifuani.

“Haya, sema.”

“Maji yanafika safi. Lakini mtego umepata mmoja tu.”

“Mmoja?”

“Ni kamba mama, tumbo limejaa mayai.”

“Vashti, kamrudishe!”

“Nilishamrudisha zamani. Ulifikiri nimemla?”

Ionie akaketi polepole, akafuta macho kwa kitambaa cha jikoni. Vashti akajibana katikati yetu, baridi kama samaki, tukaendelea kuitazama mvua ikizama.