Mashuka ya Hoteli na Kengele ya Saa Sita

Wakati ule, kama leo, mi nilikuwa nafua mashuka ya hoteli moja ya Wazungu, hapa Gisenyi, pembeni ya ziwa. Tulikuwa wawili: mi na jirani yangu, mwanamuke Muislamu, bwana yake mushonaji. Mashuka tulikuwa tunatandika juu ya majani, mustari moja murefu, na kila pembe tunaweka jiwe nyeusi ya volkano, upepo isibebe.

Mutoto wangu wa mwisho alikuwa na miezi ine. Mungu alinipa ye nikiwa nimeshapita miaka makumi ine. Jua ikiwa kali, nilikuwa namulalisha ku mukeka, mwisho wa ule mustari, na shuka moja nafunga juu ya vijiti vine, imupe kivuli. Ukisimama ku maji, hauoni mutoto. Unaona shuka tu, sawa na zingine.

Siku ile ziwa ililala kama mafuta. Hata mbwa wa hoteli alinyamaza. Nikasema, "Leo hewa inanitisha."

Jirani akacheka. "We mama, kila siku hewa inakutisha. Kamua shuka!"

Kengele ya misheni ikalia. Kwetu Wakatoliki, kengele ya saa sita ikilia, unaacha kazi, unasimama fasi uko, mahali pale pale, unafunga macho, na hautembei mpaka Amina. Hata sufuria iungue. Hivyo nilifundishwa, na hivyo nilifundisha watoto wangu.

Nikasimama. Sala ile iko na Salamu Maria tatu. Ku ya kwanza nikasikia ndege inatoka upande wa ziwa, moteri inakohoa. Ku ya pili, moteri ikanyamaza. Ikabaki kengele tu, na juu yangu sauti kama nguo inapasuka. Moyo iliniambia: fungua macho. Nikasema hapana, sala haijaisha. Nikafunga zaidi.

"Yewe! Mutoto!" Jirani alipiga kelele. "Mungu atangoja, kimbia!"

Sikukimbia. Naandika hii kwa haya. Nilisema ya tatu, mpaka Amina. Udongo ikatikisika chini ya miguu yangu.

Kufungua macho, ndege iko kati ya mashuka, pua ku udongo. Vijiti vine hakuna. Shuka ya mutoto imejiviringa ku tairi.

Halafu jirani akatokea nyuma ya ndege, magoti yanatoka damu, mutoto ku kifua, analia kwa nguvu. Hakunipa ye mara moja. Aliniangalia sana.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Muzungu wa ndege alishuka. "Moteri kufa," alisema. "Mi naona nguo nyeupe, mustari. Mi nafikiri: watu nanionyesha fasi ya kushuka."

Donc, kumbe ni mashuka yetu ndiyo ilimuita. Mukeka tuliikuta, alama ya tairi inapita katikati.

Kengele ya saa sita ningali nasimama. Ila sasa kwanza nabeba mutoto ku mugongo, namufunga vizuri, na sala naisema macho wazi, naangalia juu. Jirani anaacha kufua, anangoja mpaka Amina. Halafu anauliza polepole, "Umemaliza?"

Na bado hacheki.