Kicheko cha Siku ya Tatu

Asubuhi moja hivi karibuni nilitoka Usoke bila kujua naelekea wapi. Harufu ya tumbaku iliyokuwa ikikaushwa ilinifuata mpaka stesheni, na kama kila mara ikanirudisha kijijini kwetu, enzi za Ujamaa, siku walipokuja watu wa sinema.

Ilikuwa siku ya tatu tangu tumzike mama. Bibi alikuwa mkekani na waombolezaji, nami nimenyolewa kipara kama desturi ya mfiwa ilivyotaka. Wageni walitaka kupiga picha za watoto wakienda na majembe shamba la kijiji. Mkubwa wao aliniona, akasema huyu ni msafi, hana chawa, atangulie. Hakuna aliyemweleza maana ya kipara kile. Wazee waliona haya kumkatalia mgeni wa serikali.

"Msitutazame," alituambia. "Fanyeni kama siku zote."

Tukatembea tumekakamaa kama tunaopelekwa kuchanjwa. Ndipo mbuzi akainyakua kofia ya yule mkubwa wa sinema na kuanza kuitafuna. Nikacheka mpaka jembe likanidondoka. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia; siku ile mfiwa alianza kicheko, na watoto wote wakaingia, kamera ikinguruma.

Jioni bibi aliniita. "Kalunde, mama yako ana siku ngapi?"

"Tatu, bibi."

Akanifunika kichwa kwa kanga yake.

Miezi ikapita, gari la sinema likaileta picha ile kijijini. Uso wangu ukajaa kwenye shuka jeupe, unacheka. Watu walinong'ona kwamba watoto tulifundishwa kucheka. Jirani akamwambia bibi asinilaumu, mtoto ameigizishwa tu. Bibi akanigeukia, akangoja. Ningeitikia kwa kichwa, yangekwisha. Nilishindwa, naye akageuza uso. Mwaka uliofuata niliacha shule, nikaanza kuzunguka, na sijatulia mpaka leo.

Safari hii nilishuka Bukene, nikapata chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Mjukuu wake, wa umri wangu wa wakati ule, alielekezewa simu uani apigwe picha. Akatabasamu kabla hajaombwa. Simu iliposhushwa, uso ukarudi ulivyokuwa. Nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi, nikamwonea wivu. Tabasamu lake lilikuwa la picha tu. Kicheko changu kilikuwa cha kweli.