Misumari Mitano ya Jumatatu

Juzi nilirudi Katoro, kwenye nyumba tuliyolelewa. Mwenye nyumba wa sasa alinipigia simu kwamba anabomoa ukuta wa sebuleni apate fremu ya duka. Kama kuna kitu chetu, nikachukue. Nilijua hakuna kitu. Nilienda hivyo hivyo. Mpangaji, mama mmoja mchangamfu, alinikaribisha mpaka ndani, na macho yangu yakaenda yenyewe ukutani. Misumari mitano bado ipo, kwenye mstari mmoja. Mmoja umebeba chujio, mwingine chaja ya simu, mwingine mkoba wa mtoto wa shule.

"Sijui nani aliipigilia," akasema, "lakini inatusaidia."

Aliipigilia Baba, mwaka aliobatizwa. Watu wa mtaani walituita Wamormoni, na kwa kuwa kanisa letu lilikuwa chumba cha kupanga chenye viti vya plastiki, waliokuja kutazama dini yetu waliitazama nyumbani kwetu. Juu ya kochi palikuwa na picha ya hekalu jeupe, lililo nchi nyingine, ambako Baba na Mama walikuwa wakijiandaa kwenda kuunganishwa ili hata kifo kisiwatenganishe wala kututenganisha nao. Chini ya vitanda palikuwa na magunia ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa sababu tulifundishwa kuweka akiba ya chakula. Mama alicheka sana aliposikia fundisho hilo. Bibi yake alianika viazi juani na kuvihifadhi kabla kanisa halijafika Usukumani. Jikoni hapakuwa na majani ya chai, maana dini yetu iliikataza. Jirani yetu alikuwa akisimama mlangoni, anatikisa kichwa: "Nyumba ina magunia matatu ya michembe, haina hata kijiko cha chai. Mgeni afe na kiu ameshiba."

Jumatatu jioni ilikuwa ya familia. Redio ilizimwa, mlango ukafungwa, na hata rafiki zake Baba wa machimboni walijua wasibishe hodi. Misumari mitano ilikuwa kazi tano za jioni ile: sala, wimbo, somo, mchezo, kitafunwa. Kwenye kila msumari kilining'inia kibao kidogo cha mtu mmoja: Baba, Mama, mimi, mdogo wangu anayenifuata, na kitindamimba wetu. Baba alivikata kutoka kwenye mabaki ya mbao za kuegemeza kuta za duara, lile shimo alilokuwa akichimba dhahabu huko Mwakitolyo. Vilinukia udongo mbichi. Kila juma vilisogea msumari mmoja. "Kila zamu ina mtu wake," Mama alikuwa akisema, na hakuna aliyemrukia mwenzake, hata kitindamimba, ambaye somo lake siku zote lilikuwa lile lile la Nuhu na mbuzi.

Kisha duara likamfukia Baba. Jumatatu iliyofuata nilinyoosha mkono nikitoe kibao chake, na Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Kiache. Baba yako ametoka kwenye duara, hajatoka kwenye familia."

Basi kikaendelea kusogea. Zamu ya sala ilipomfikia Baba, tulifumba macho tukakaa kimya kwa muda ule ule ambao sala yake ingechukua. Sala zake zilikuwa ndefu. Nilisikia mabati yakilia kwa kupoa baada ya jua, mbuzi wa jirani, pumzi za wadogo zangu. Na mara nyingine, nakwambia wewe tu, nilisikia mtu akisafisha koo kabla ya kuanza. Mwisho Mama alisema amina.

Mama naye aliugua, akaondoka. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikapata kazi ya kupika kwenye mgahawa wa wachimbaji, na kusema amina kukawa kazi yangu. Watatu tulikuwa hai, vibao vitano. Zipo Jumatatu ambazo somo lilikuwa la Mama na sala ya Baba, na nyumba ikanyamaza mpaka masikio yakauma.

Kitindamimba alikuwa na miaka saba. Akaanza kuwaambia wenzake kwamba Baba huja kusali kwetu. Watoto wakaacha kuja kucheza uani. Habari ikamfikia baba mdogo huko Mwakitolyo, yeye aliyekuwa juu ya duara siku lilipomfukia Baba, mkononi ameshika kamba. Akaja kwa pikipiki, na akaja Jumatatu.

"Mwadila," alisalimia kutoka mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwadila, baba mdogo. Shikamoo."

Tulimpa michembe iliyochemshwa, pamoja na karanga na maji ya mchaichai. Akanusa kikombe. "Safari yote hii mnaninywesha majani ya ng'ombe?"

"Ng'ombe wa kwenu wanakula vizuri, baba mdogo," mdogo wangu akajibu, na sote tukacheka, hata yeye. Kisha akaliweka neno lake mezani. "Nasikia mnakaa na wafu. Leo nitaona mwenyewe. Kama ni kweli, huyu kitindamimba naondoka naye."

Mdogo wangu alinivuta jikoni. "Dada, sala leo ni ya Baba. Ruka. Mpe wimbo, usali wewe."

"Hairukwi."

"Mara moja tu."

"Mama hakuruka."

Tukakaa. Tukaimba. Zamu ya sala ilipofika tukafumba macho, na kimya kikaingia. Baba mdogo alisubiri, akakohoa, akauliza, "Nani anasali?"

"Baba," akasema kitindamimba. "Usimkatize."

Nilifumbua macho. Baba mdogo alikuwa amesimama, mikono imeshika hewa kama mtu aliyeshika kamba. "Nilimwita kutoka juu," akasema taratibu. "Niliita, nikanyamaza nisikie. Mimi kimya hiki nakijua." Akatoka uani, akakaa huko mpaka tulipomfuata na chakula.

Asubuhi aliondoka na kitindamimba. Mtoto hakulia. Nilimfungia michembe kwenye kitenge cha Mama, nikarudi ndani, nikaona msumari wa sala hauna kitu. Mtoto alikuwa ameondoka na kibao cha Baba.

Tulibaki wawili, tukisogeza vibao vinne kwenye misumari mitano mpaka mdogo wangu alipoolewa. Bado ninavyo kwenye kopo la maziwa. Imani yangu haijapungua. Lakini ile Jumatatu huwa nairudia: ningemruka Baba mara moja, na mtoto angekulia kwangu. Mama aliniachia watoto na vibao, nami nililinda vibao.

Hekalu lile halikufikiwa, wiki ijayo ukuta utakuwa kifusi, na harufu ya michembe chini ya kitanda siijui tena.

Jioni ile ya Katoro ilikuwa Jumatatu. Nilimpigia kitindamimba, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili huko Bulyanhulu. Hatujawahi kuizungumza Jumatatu ile. Nikamwuliza kama kibao cha Baba anacho bado.

Hakujibu. Nilidhani mtandao umekata, lakini nilisikia pumzi yake, na nyuma yake watoto waliotulia ghafla. Nikasimama mbele ya misumari, simu sikioni, sikumkatiza. Kimya kilikuwa kirefu. Kilipotosha, nikasema amina.