Mgongo wa Kampuni

Babu yangu Feruzi wa Rumonge alikuwa mwoga, na hakuficha. Radi ikipiga ziwani, yeye wa kwanza chini ya kitanda. Ndiyo maana mama yangu Esha aliponisimulia kwamba huyo ndiye aliyechaguliwa kuwa wakili wa kampuni, hasira zilinipanda, na hazijashuka.

Kampuni ilikuwa ya Hadji Kassimu, tajiri wa Maskati asiyewahi hata kunawa mikono katika ziwa letu. Karani wake alimnunulia mawese huku. Wajerumani wa boma la Usumbura wakatoa amri: duka ambalo mwenyewe yuko ng'ambo liwe na wakili mkaazi, wa kuitika askari wakija kuuliza, mchana wowote. Mtu aliye Maskati hachapiki kiboko. Serikali ilitaka mgongo wa karibu.

Karani akatafuta. Shafii alikuwa na mitumbwi, angetoroka. Ramazani alikuwa na ndugu Ujiji, naye vilevile. Babu alikuwa na mke, nyumba ya udongo, na miguu isiyothubutu. Akapewa kanzu mpya na kigoda cha kukalia mlangoni. Alikubali kwa sababu kukataa nako alikuogopa.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa babu viliingia vyote. Hakuvua tena, hakulima. Wakili mwenzake, wa duka la kule Kabezi, alikuwa shambani askari walipofika. Alirudishwa kwake juu ya machela, kifudifudi.

Kisha habari ikaja kutoka Bugarama, mlimani: mama yake babu amefariki, anazikwa leo. Kwetu mtoto wa kiume hushuka kaburini kumpokea mama yake. Babu akazunguka mji akiomba mtu amkalie kigoda hadi jioni. Kila mlango ulikuwa na udhuru wake.

Bibi yangu Kulthumu akajitanda ushungi, akakaa yeye.

"Nenda, Baba Esha. Wale hawapigi mwanamuke kiboko."

"Na wakikuchukua?"

"Mama anangoja. Nenda!"

Alimzika mama yake. Jioni, akiteremka, aliona mtumbwi wenye bendera ya boma ukiondoka Rumonge. Akakimbia kurudi kwa mkewe.

Bibi alikuwa bado juu ya kigoda.

"Wamekupiga?"

"Hapana. Waliuliza nani anaitikia kampuni, nikasema ni mimi. Bwana mukubwa akacheka. Akasema basi, jina lako Feruzi linatoka kitabuni, langu linaingia. Nisibanduke hapa."

Babu akamshukuru Mungu kwa sauti, akamshika mkono ampeleke ndani. Bibi hakuinuka.

"Mama yangu naye iko Kabonga," alisema, "na amekuwa muzee. Siku yake ikifika, nani atanikalia?"

Babu alikitazama kigoda. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho.