Ufunguo Kwenye Meza ya Daktari

Kitu cha kunishangaza mimi hakijazaliwa. Ndivyo nilivyozoea kuwaambia watu, na haki ya kusema hivyo nilikuwa nayo. Shule niliiacha darasa la tano kule Uvira. Nikavuka mipaka minne, nikaingia Johannesburg na nambari moja ya simu niliyoiandika kwenye kiganja, na nambari yenyewe haikupokelewa. Nilianza kwa kulinda magari ya watu Hillbrow, nikalala mahali ambapo paka wangekataa. Kufika mwaka 2017 nilikuwa na karakana yangu ya kuchomelea vyuma Doornfontein, mafundi sita chini yangu, pikapu mbili, na nyumba La Rochelle ambayo geti lake nilichora mimi, nikakata mimi, nikachomelea mimi. Watu walikuwa wanasimama kulitazama. Sisemi uongo, mmoja alisimama na mkewe.

Lugha nazijua saba. Kiingereza sikufundishwa na mtu, nilikiokota barabarani kama mtu anavyookota misumari. Wakongomani wengi wa mitaa ile waliponyimwa karatasi, walipokamatwa, walipougua, walinijia mimi niwatafsirie. Nimetafsiri kituo cha polisi, nimetafsiri mahakamani, nimetafsiri mwanamke akijifungua nyuma ya pazia. Sijawahi kukwama.

Bastola pia nilikuwa nayo, na ilikuwa ya halali. Baada ya kuibiwa karakana mara mbili, niliamua ya tatu haitanikuta mikono mitupu. Wakati huo nilishapata ukaazi wa kudumu, kwa hiyo nikaruhusiwa kuomba leseni. Kuna mtihani wa sheria za silaha. Nikaufaulu mara ya kwanza, na bwana mwenye diploma aliyekaa pembeni yangu akaanguka. Nikanunua sefu ile inayotakiwa na sheria, nikaifunga ukutani ndani ya kabati la chumba chetu cha mbele kwa bolti nne ambazo hata tembo asingezing'oa.

Halafu baba mkwe akafariki kule nyumbani, na mke wangu akaomba mama yake aje akae nasi. Nikatuma nauli siku hiyo hiyo. Mama mkwe wangu hakuja kulala sebuleni kama mgeni wa Krismasi. Nilimpa chumba cha mbele chenye jua, sisi tukahamia cha nyuma. Nguo zetu zikahama. Sefu haikuhama.

Hapa lazima nieleze, maana watoto wetu waliozaliwa huku hawayajui haya. Kwetu, mama mkwe humtazami usoni. Hampeani kitu mkono kwa mkono. Chumba anacholala hukanyagi, hata nyumba ikiwa ni yako na hati ina jina lako. Maneno yenu yanapita kwa mtu wa tatu, na akikosekana mtu, yanapita kwa sufuria: "We sufuria, waambie wenye njaa chakula kipo." Mimi mila hiyo niliishika barabara. Kwa miezi minne sikuvuka kizingiti cha chumba kile, na kwa miezi minne sikuiona bastola yangu. Mke wangu alikuwa ameapa tangu zamani hataigusa. Nikajiambia, chuma kimo ndani ya chuma, kitapotelea wapi?

Mama alikuja mnene, mcheshi, sauti yake inasikika hadi barabarani. Mwezi wa pili sauti ikapungua. Mwezi wa tatu chakula chake kikawa kinarudi jikoni kama kilivyotoka. Akawa halali. Asubuhi unamkuta amekaa kwenye kiti kile kile ulichomwacha jana, mikono imefungwa kwenye pindo la kitenge. Tulisema ni msiba, utapita. Mwezi wa nne mke wangu akaniambia, "Papa, mama anakwisha tukimtazama. Mpeleke kwa daktari." Yeye mwenyewe asingeweza kwenda. Alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, ameamriwa asitoke kitandani. Nikampeleka mimi. Mama alikaa kiti cha nyuma, kona ya mbali kabisa na mimi, na kwenye kila robot, taa za barabarani kama wanavyoziita huku, nilitazama rangi zake tu, kioo cha nyuma nilikuwa nimekigeuza juu.

Daktari alikuwa binti wa hapa hapa Afrika Kusini, mdogo, ana chumba chake cha matibabu upande wa Rosettenville. Akaanza vizuri. Analala? Anakula? Anapungua uzito? Nikabeba maswali kwenda, nikabeba majibu kurudi, laini kabisa. Daktari ndiye aliyekuwa mtu wetu wa tatu, kwa hiyo heshima haikuguswa.

Halafu akaweka kalamu chini. Akaniambia nimuulize mama kama kuna siku anatamani kufa. Na kama nyumbani kuna bunduki.

Nilihisi masikio yanawaka moto. Mkwe wako, aliyekuzalia mke, umtamkie kifo chake kwa mdomo wako? Na hilo la bunduki lilinikera zaidi. Katika mji huu, anayejua una silaha ndiye atakayekuja kuichukua. Daktari wa tumbo na kichwa, bastola yangu inamhusu nini? Tena bibi kizee huyu, ambaye hata jiko la gesi anawashiwa.

Nikamgeukia mama, macho yangu yakiwa chini, nikasema, "Daktari anauliza kama nyumbani kuna baridi."

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili.

Nikamgeukia daktari nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri: hapana, hatamani kufa, na bunduki hatuna.

Yule binti akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. "Baba," akasema, "yeye amesema ndiyo. Wewe umesema hapana."

Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba swali hilo huwauliza wote, wazee na vijana, kwa sababu mtu aliyechoka na maisha anaweza kubadili nia kesho akikosa njia ya haraka, lakini mwenye bunduki karibu hapewi kesho. Halafu akamalizia na neno lililoniingia kuliko yote: kama kazi ya kutafsiri ilikuwa nzito kwangu, nirudi kesho asubuhi na mtu mwingine anayeweza.

Anayeweza. Mimi niliyetafsiri nyuma ya pazia la wazazi. Niliendesha gari kurudi nyumbani nikitukana kimoyomoyo kwa lugha zote saba. Lakini nilipofika geti langu, neno jingine likanirudia, lile la njia ya haraka. Sefu ile ilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa kwenye mkufu shingoni mwangu. Wa pili nilikuwa nimeuweka, mimi mwenyewe, kwenye droo ya chini ya kabati lile lile, chini ya karatasi ya kutandikia.

Nilimsubiri mama aende kuoga, nikamwambia mke wangu kila kitu. Aliinuka kitandani na tumbo lake, akishika ukuta, akaenda chumba cha mbele. Nilisimama kwenye korido kama mwizi nyumbani kwangu. Nikasikia droo inavutwa. Nikasikia karatasi. Akarudi mikono mitupu.

"Ufunguo haupo," akasema.

Nikamwambia amuulize mama yake. Akakataa. Alisema mtoto hawezi kumuuliza mzazi wake kama anataka kufa, bora yeye mwenyewe ndiye aulizwe hivyo. Nikafikiria kumwita mchungaji. Lakini mchungaji wetu huombea mtu kwa kipaza sauti, na Jumapili wauza nguo wote wa Rosettenville wangekuwa na habari. Ndugu? Ndugu wangekaa kikao wiki nzima juu ya nani ana haki ya kusema. Nilizunguka nyumba yangu yote, nyumba niliyoijaza nondo kila dirisha ili kifo kisiingie, nikaona kwamba ndani yake hakuna hata mtu mmoja anayeweza kumuuliza yule mama swali lile. Nje alikuwepo mmoja. Na yeye alishaliuliza.

Siku hiyo mke wangu alihamishia godoro lake chumba cha mama, akisema tumbo linamsumbua na anataka kukaa karibu naye. Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa daktari. Mama nilimwacha kwanza kwenye benchi na muuguzi, nikaingia peke yangu, nikasema yote: bastola ipo, ni yangu, iko chumba anacholala, na ufunguo umepotea. Nilisema pia kwamba jana nilidanganya. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo katika Johannesburg yote, na nilipolisema sikufa. Nikamwambia, "Wewe uliza. Mimi nitabeba. Lakini nipe kiti nikigeuze."

Mama alipoletwa, nilikuwa nimekaa nikitazama ukuta, mgongo kwao. Mbele yangu kulikuwa na picha ya moyo wa mtu uliokatwa katikati, nami niliikazia macho ile picha. Daktari akauliza. Nikasema kwa Kiswahili cha nyumbani, neno kwa neno, pasipo kupunguza: "Daktari anauliza, mama, kama unatamani kufa. Na kama unajua bunduki iliyo chumbani."

Nilimsikia anavuta pumzi.

"Mwambie daktari," mama akasema, na sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo sikuwa nimeisikia miezi miwili, "ufunguo niliuona wiki ya pili nikifagia droo. Nilifungua mara moja. Nikafunga. Tangu hapo nimeufunga kwenye pindo, na kila nikikaa naushika. Kufa sijui kama nataka. Kuamka ndiko nimechoka."

Nikabeba. Neno la kuamka lilinigomea, nikalirudia, nikamaliza. Mkalimani wa mahakama asingenishinda siku ile.

Nikasikia fundo la kitenge linafunguliwa, kisha mlio mdogo wa chuma juu ya mbao. Hakunipa mimi, asingeweza. Aliuweka ufunguo kwenye meza ya daktari, na daktari akazunguka meza akaniwekea mkononi. Mkwe na mkwe tukapitishiana kifo kwa heshima zote, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Saa hiyo hiyo nilirudi nyumbani. Mama akakaa jikoni na binti yake, nami nikavuka kile kizingiti na spana zangu. Bastola ilikuwepo, risasi zote zilikuwepo, nilizihesabu mara tatu. Niliipeleka moja kwa moja kwa muuza silaha mwenye leseni aitunze, na baadaye nikamruhusu aiuze. Zile bolti nne za kushinda tembo nilizing'oa kwa muda usiozidi kunywa chai, maana aliyezifunga ndiye mimi. Mafundi waliuliza karakana italindwa na nini. Nikawajibu italindwa na kichwa changu, kama kilivyowalisha miaka yote.

Daktari alimpa mama vidonge na akamwita kila wiki, nami kila wiki nilikuwa kwenye kiti kilichogeuzwa ukutani. Mwezi wa kwanza hakikubadilika kitu, nikaanza kumtilia daktari shaka. Wa pili, sahani ikarudi jikoni nusu. Mtoto wetu alipozaliwa, mwezi huo huo, mama ndiye aliyemwogesha maji ya kwanza, akimkemea kwa sauti iliyofika kwa jirani.

Nikiwasimulia swali la daktari, wanaume wenzangu baada ya ibada huniambia daktari hana haki ya kuuliza mambo ya silaha za mtu. Mmoja, Mkenya wa benki mwenye suti nzuri, aliniambia, "Mzee, hiyo ni siri ya nyumba, daktari akae na koo na mapafu." Nikamuuliza, "Nyumbani kwako, mama mkwe wako akichoka kuishi, ni nani atakayemuuliza?" Akarekebisha tai. Nami nikamwambia: mimi naunga mkono madaktari waulize wote, waulize kila mtu, na waulize wao, kwa sababu sisi tunaopendana ndio tusioweza. Watu wakasema kweli huyu hakusoma lakini ana akili. Nilikubaliana nao.

Kisha, mtoto akiwa na wiki sita, mke wangu akaja karakana na ujumbe. Mama alikuwa amekaa, amefikiri, na ameona jambo halijakaa sawa. Mkwe wake ameingia chumbani mwake na viatu. Mkwe wake amemtamkia kifo, tena mbele ya mgeni. Ni kweli ilibidi, lakini kubidi hakufuti kosa. Anadai faini yake.

Nikapeleka ujumbe kwamba nina kuku wawili wazuri. Jibu likarudi: kuku ni faini ya mtu aliyekanyaga mguu. Nikapandisha, kuku wanne na mchele. Jibu likarudi kwamba mkwe wake anajisifu mji mzima kuwa tajiri, sasa utajiri huo ni wa mdomoni? Anataka mbuzi dume, si jike, na mwenye mafuta, maana ana hamu ya supu; na kitenge kipya cha yadi sita, kwa sababu kile cha zamani pindo lake hataki kulifunga tena. Siku mbili nzima tulishindana kupitia kwa binti yake, na mke wangu alikuwa anacheka na kulia akileta maneno. Niliachia nishindwe. Katika biashara zangu zote sijawahi kushindwa kwa furaha kama ile.

Jumamosi mbuzi alichinjwa uani. Mama alikaa na kitenge chake kipya, mgongo kwangu, akala paja zima, akaiambia sufuria imwambie mkwe kwamba chumvi imepungua lakini kosa limesamehewa. Dume, kitenge, na chumvi niliyoikimbilia spaza, kile kiduka cha mtaani: randi elfu mbili mia moja themanini na tano.